Pindo, Fundi wa Mashuka Aliyeufundisha Mkono wa Roboti Kuachia

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 3 Julai 1968, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Jina lake kamili mnalo kwenye jalada la ratiba ya maziko, lakini hapa ataitwa Pindo, kama alivyoitwa na kila mtu, hata na waliomsukuma kwenda chumba cha upasuaji mara ya mwisho. Jina hilo lilitokana na tabia yake. Alikuwa hawezi kumsalimia mtu kabla ya kutazama pindo la nguo yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981, akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi arobaini na sita. Sekondari alisoma miaka miwili. Mama alipougua figo mwaka 1984, Pindo alikunja sare zake, akaziweka chini ya godoro, akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Kitinda mimba, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alijifunza kutembea akishikilia sketi yake. Mama alipopata nafuu, Pindo alikwenda chuo cha ufundi na mwaka 1989 akatoka na cheti cha ushonaji cha daraja la kwanza.

Tarehe 5 Machi 1990 aliajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali kuu. Kilikuwa ghorofa ya chini, kando ya boila la maji moto, kina cherehani nne na dirisha moja. Kwa miaka ishirini na minne alishona mashuka, mapazia ya wodi na magauni ya madaktari wa upasuaji. Hakuna aliyewahi kurudisha kazi yake ikarekebishwe, na yeye mwenyewe alihakikisha jambo hilo linajulikana.

Mume wake alikutana naye bila kumwona. Mwaka 1993 lifti ya hospitali ilikwama na Pindo ndani, na fundi wa lifti akaja kuulizia nje ya mlango.

"Humo ndani kuna nani?"

"Mapazia kumi na nane na mimi."

"Mnaendeleaje?"

"Mapazia yametulia. Mimi ndiye naanza kukuchoka."

Ilichukua dakika arobaini kufungua mlango huo. Walioana tarehe 17 Desemba 1994 na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Tarehe 11 Machi 2014 Pindo alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika pazia katika wodi ya watoto. Alivunjika shingo. Alibaki na akili yake, sauti yake na ulimi wake, lakini mikono na miguu haikurudi. Mume wake aliacha zamu za mbali ili amgeuze kitandani kila baada ya saa mbili. Wapo hapa waliokuja kumfariji siku zile. Yeye ndiye aliyewafariji.

Mwaka 2019 daktari wa ubongo wa hospitali hiyohiyo alimweleza kuhusu utafiti wa nchi tatu. Hapa kwetu madaktari wangepandikiza ndani ya ubongo vipande vidogo vya kunasa ishara. Nchi ya pili kompyuta kubwa ingezisoma ishara hizo na kuzigeuza kuwa amri. Nchi ya tatu walikuwa wameunda mkono wa roboti ambao ungefungwa kwenye kiti chake na kutii amri hizo. Daktari alieleza na hatari zote, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha. Mdogo wake wa mwisho alipinga.

"Dada, hawa watu watakutumia tu."

"Watanitumia, ndiyo. Na mimi nitawatumia. Kuna ubaya gani tukikubaliana mapema?"

Alifanyiwa upasuaji mwezi Novemba. Kila Jumanne alikuwa maabara, na mhandisi aliyeunda mkono ule akimfuata kwenye skrini kutoka kwao. Siku ya kwanza mhandisi alisimama ajitambulishe, na kabla hajafika mbali Pindo akamwambia suruali yake imefumuka chini, upande wa kushoto. Mwaka wa pili alikuwa anakunywa chai mwenyewe kwa mkono ule.

Jumanne tarehe 14 Septemba 2021 alimwalika mdogo wake aje washikane mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Wakubwa wa utafiti walikuwa wakitazama kutoka nchi zote. Vidole vya roboti vilimshika mdogo wake kifundo cha mkono, taratibu kabisa, na watu wakapiga makofi. Mara mtandao ukakatika kati ya maabara na ile kompyuta kubwa. Amri ya mwisho kufika ilikuwa "funga". Vidole vikaendelea kufunga.

Mdogo wake alijaribu kujikwamua akashindwa. Mhandisi, ambaye skrini yake ilikuwa bado inaonekana, alimwamuru fundi wa maabara azime umeme, na kidole cha fundi tayari kilikuwa juu ya kitufe.

"Usizime," Pindo alisema. "Ukizima vinabaki hivyohivyo."

Alikuwa anajua. Kwa kuwa aliishi na fundi wa lifti, swali lake la kwanza kuhusu mkono ule lilikuwa umeme ukikatika itakuwaje. Aliambiwa vidole hujifunga breki pale vilipo, ili kikombe kisianguke. Wenzake wote chumbani walikuwa wamesahau.

"Nipeni ile kompyuta ya mezani, ile ya zamani ya hapahapa maabara," alisema.

"Ile haijui kufungua vizuri," fundi alijibu. "Tuliiacha mwaka jana, ile kubwa ilipoizidi."

"Nipe hiyohiyo. Na wewe, mdogo wangu, usivute. Nitazame mimi."

Fundi alihamisha waya. Mdogo wake alisikia mfupa ukilia. Pindo alifumba macho. Baadaye alieleza kwamba hakuwaza kufungua, kama walivyomfundisha. Aliwaza kuachia kitambaa mwisho wa mshono, wakati mguu wa cherehani umeshainuliwa na huna haja nacho tena. Kidole kimoja kiliachia, kikafuata cha pili, kisha vyote. Mdogo wake alikaa na plasta ya kuunga mfupa wiki sita.

Baada ya siku hiyo Pindo aligoma. Alisema harudi maabara mpaka mkono uundwe upya, uwe unaachia wenyewe mawasiliano yakikatika. Mhandisi alimwambia kwamba ukiachia, utaangusha kikombe.

"Kikombe kikivunjika tutafagia," alijibu.

Miezi mitano ilipita. Kuna waliopendekeza atafutwe mtu mwingine. Pindo aliwatumia ujumbe mmoja: "Mtafuteni, ila mwambieni kwanza yaliyotokea." Daktari wa ubongo alisimama upande wake, na hilo lilimgharimu marafiki katika zile nchi mbili nyingine. Mwezi Februari 2022 mkono mpya ulifika. Pindo alirudi.

Mwishoni mwa Januari 2024 alianza homa. Usaha ulionekana pale waya zilipotokea kichwani. Alhamisi tarehe 8 Februari kulikuwa na kikao kwenye skrini. Daktari wa ubongo alitaka vipande vitolewe siku ileile. Nchi ya tatu waliomba siku tisa wakamilishe vipimo vya mkono mpya, kwa sababu bila vipimo hivyo usingeruhusiwa kwa mgonjwa mwingine yeyote. Walibishana kwa dakika ishirini, na Pindo yuko palepale kwenye kiti chake.

"Mimi bado nipo," alisema hatimaye. "Tisa ni nyingi. Nawapa tatu."

Daktari alikataa. Binti yake mkubwa alilia. Mdogo wake alimwambia maneno ambayo leo angetoa chochote asingekuwa ameyasema. Pindo alisikiliza wote, kisha akamwomba mume wake amsogeze karibu na mashine. Alifanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, homa ikiwa juu, daktari akiwa kando yake na dawa ya dripu. Jumatatu asubuhi vipande vilitolewa. Maambukizi yalikuwa yameshafika kwenye utando wa ubongo. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia ilimuuliza daktari kama siku zile tatu ndizo zilizomuua. Alijibu kwamba hajui, na kwamba hatajua. Familia haikukubaliana na uamuzi wa Pindo, na haioni sababu ya kuficha hilo mbele ya kaburi lake. Lakini ulikuwa uamuzi wake. Vipimo vilitosha. Mkono unaoachia wenyewe umeruhusiwa, na wiki hii watu watatu ambao hatutawaona kamwe wameanza kuutumia.

Leo asubuhi daktari alisimama nje ya geti muda mrefu, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Mume wa marehemu alitoka akamshika mkono. "Ingia," alimwambia. "Kiti chako kipo mbele, pamoja na sisi." Ndipo mabinti wakasogea wampe nafasi.

Pindo ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike, na wadogo zake wanne, wa mwisho akiwa huyu aliyeshikwa mkono na akaachiwa.

Pumzika, Dada. Amani ya Mungu ikushike, wala isikuachie.