Utoto wa Kuazima

Pale Kadutu, njia inapoanza kukata watu pumzi kabla ya kufika sokoni, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya ligablo la Maman Chantal, kiduka cha sabuni na mishumaa. Wenyewe wanauita Sénat, maana wanaoukalia wamezeeka na hakuna aliyewahi kuwachagua. Kahawa ya tangawizi humiminwa hapo tangu asubuhi, na maneno humiminwa zaidi. Jumamosi hiyo Gaston, muuza misumari, alifika amenuna, suruali ina tope, akakaa bila kumsalimu mtu. Nyumbani kwake hakukaliki. Mama yake, aliyetoka Minova kuwaona wajukuu, alikuwa amesusa chakula tangu jana.

– Anasusa juu ya nini? aliuliza Bisimwa, aitwaye Avocat, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa.

– Juu ya viatu.

– Viatu ya nani?

– Yangu. Ya butoto.

Ikabidi aeleze, na kueleza kulimchosha kuliko kile kilima. Kila mara watoto wake, Mireille na Parfait, walipolalamikia shule au mboga, Gaston aliwapigia hadithi ile ile: kwamba yeye, alipokuwa na umri wao, alikwenda shule miguu mitupu, gunia la makala, yaani makaa, kichwani, na usiku alilala na mbuzi. Basi jana mezani Mireille akamgeukia bibi yake, kwa huruma tupu: "Koko, juu ya nini ulikuwa unaacha Papa anaenda masomo bila viatu?"

Bibi akaweka kijiko chini. Miaka yote ile aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, pale Minova, akirudi jioni ananuka samaki hadi kwenye nywele, ili mwanawe asikanyage tope kwa nyayo zake. Viatu vyeusi vya kamba, kila mwaka vipya. Makala Gaston hakuwahi kuyabeba. Nyumbani kwao hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

– Ngoya kwanza, alisema Avocat. Ile ya makala iko yangu!

– Najua. Uliisemaka hapa hapa, mara mingi. Ikaniingia.

– Umeniibia butoto!

– Usimukaripie mwenzako, alidakia Aloys, ambaye hapo huitwa Radio kwa kuwa hazimiki. Na ile ya kulala na mbuzi, Avocat, iko yako?

Avocat alipuliza kahawa ambayo ilikwisha poa.

– Iko... yako, Radio.

– Haiko yangu! Iko ya babu yangu, kule Luberizi. Mimi nililalaka mu kitanda.

Gaston alishika kichwa. Alikuja kutafuta msaada, kumbe amekuja kwa wezi wenzake.

– Musikilize, alisema Avocat. Mateso ya quartier, ya mtaa muzima, iko ya wote. Na wahenga walisema akiba haiozi. Uongo umeutunza miaka yote hii, leo unautupa?

– Akiba gani? Mama anasema leo anarudi Minova!

– Mimi naona hivi, alisema Radio. Ambia batoto viatu ulivaaka kweli. Lakini kwa daraja kulikuwa nyoka. Kila asubuhi anasema: leta viatu, njo upite.

– Nyoka iko na miguu? aliuliza Gaston.

– Ya zamani ilikuwa nayo.

– Ao tunapanda wote kwa mama, alisema Avocat. Ninamuonyesha kovu yangu ya kichwa, ya gunia ya makala. Ninasema: Maman, hii kovu iko ya Gaston, mimi ninamubebea tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

– Lakini munasikia mambo munasema? Gaston alipandisha sauti hadi Maman Chantal akachungulia. Mama yangu anaona nimemuchafua mbele ya bajukuu bake!

– Basi sema kweli, alisema Radio.

– Niseme nini? Kama nilikulaka samaki kila siku, na viatu mupya? Kesho Parfait akikataa masomo, nitamukemea na nini? Ataniheshimu juu ya nini?

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani, na kila mmoja alikuwa amewapandishia mlima wake wa mateso ya kubuni.

Ndipo akatokea Maman Adélaïde, mama yake Gaston, akishuka polepole na mfuko kichwani. Wanaume watatu walisimama kwa pamoja, kahawa ikamwagika.

– Karibu, Maman, alisema Avocat.

– Asante, mwanangu. Ninapita tu. Gaston anasema nyinyi muko barafiki bake ba zamani. Na nyinyi mulienda masomo miguu mutupu?

– Ndiyo, Maman, alijibu Avocat upesi, kwa mazoea. Radio akatikisa kichwa kukubali.

– Na njaa?

– Njaa mingi, Maman.

Aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, jambo lililomtisha Gaston kuliko kofi.

– Basi munielezee. Sisi bamama benu tulikuwaka tunatoka asubuhi, tunarudi usiku. Tulikuwa tunaenda kufanya nini?

Avocat aliinama kuokota kikombe chake. Radio alizimika. Gaston alitaka kusema samaki, alitaka kusema viatu, jibu alikuwa nalo lote. Aliwatazama wenzake ili waseme wao. Wao walikuwa wanamtazama yeye.

– Musogee kidogo, alisema mama.

Akatua mfuko wake, akaketi katikati ya ubao.

– Boti inaenda saa nane. Ninangoya jibu.