Kefa Ntandu, Mpiga Dawa wa Michai

Ndugu zetu mliofika kutoka Mwankoko na vijiji jirani, Kefa Ntandu tunayemzika leo alizaliwa hapa Unyambwa mwezi wa Mei mwaka 1914, akasoma shule ya misheni tangu 1926 hadi 1929, baba yake alipofariki akaacha masomo ili achunge ng'ombe, na tarehe 16 Agosti 1936 akafunga ndoa na Luciana, wakajaliwa Dina, Marko na Theresia, ambaye njaa ya mwaka 1943 ilimchukua akiwa bado ananyonya.

Baada ya msiba huo marehemu aliondoka kwenda nyanda za kusini, kwenye shamba la chai, akawekwa kundi la wapiga dawa, ambao kila majira ya baridi, michai ikishapogolewa na wadudu gamba kubaki wazi wameganda kwenye matawi, walibeba mabomba mgongoni na kunyunyiza maji ya salfa na chokaa, kazi iliyochubua ngozi na kukausha koo, lakini ndiyo iliyolisha nyumba hii, na mwaka 1949 akamwita shemeji yake Filipo, mdogo wake Luciana, waifanye pamoja.

Asubuhi ya tarehe 11 Julai 1950 mpira wa bomba la Filipo ulipasuka, dawa ikamrukia usoni, akapiga kelele, “Shemeji, sioni!”, nyapara akaamuru mstari umalizwe kwanza, Kefa akatua bomba lake, akambeba Filipo hadi mtoni huku dawa ikimlowesha yeye mwenyewe, akamwosha mpaka mikono ikafa ganzi, lakini macho hayakurudi, na jioni ile wote wawili wakafukuzwa kazi.

Walipofika Mwankoko, mama mkwe wa Kefa, Lea, aliyemzaa Filipo, hakutoka nje, alisema kutoka ndani, “Mkwe, nilikukabidhi mwenye macho, umeniletea nani?”, na kulipokucha Kefa alionekana akilima shamba la Filipo kabla ya kugusa lake, na hivyo ndivyo alivyofanya kila msimu, hata kifua kilipoanza kumbana mwaka 1953, hata alipokohoa damu. Lea alifariki mwaka jana bila kumwita Kefa “mkwe” tena.

Marehemu alilazwa mwezi Juni, akafariki tarehe 3 Septemba 1955, Filipo akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela, na wenzake wa shamba la chai waliosafiri kutoka mbali kuja kumzika. Filipo ameomba isomwe mbele yenu kwamba hakumlaumu shemeji yake hata siku moja, alimwambia hivyo mara nyingi, ila Kefa hakuamini.

Pumzika, Kefa, amani ya Mungu ikufunike.