Gazeti la Kukalia

Benchi la njia panda, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli waliyemwita Spoku, lilikuwa gumu kama moyo wa mwenye nyumba; ndiyo maana kila aliyeketi alijiwekea furushi la magazeti chini ya makalio. Yalikuwa magazeti ya bure. Basi liliyashusha hapo kila Ijumaa ili yapelekwe vijiji vya nyuma ya kilima, kusikofika gari, na Spoku ndiye aliyekabidhiwa. Mwanzoni alimpa kila mwenye baiskeli aliyeelekea huko. Ikaja mvua, ukaja uvivu, ikawa mazoea kuyakalia. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa moto, na waliokuwa wakisemwa ni watu wa huko huko.

— Wale hawasomi, alisema Waziri, kinyozi wa jirani. Mpe gazeti, atafungia tumbaku.

— Siyo tumbaku, alidakia Setilaiti, dalali wa mashamba. Ni baridi. Wino una mafuta, ukipanda kilima unaganda, herufi zinadondoka njiani. Ndiyo wahenga wakasema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje hapo?

— Imechovywa!

— Danganya wenzako, alisema Waziri. Wazee wa kule wanaizika habari kabla haijasomwa, wanaogopa itaamsha vijana. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani!

Wakacheka. Spoku naye alicheka, huku akijiweka sawa juu ya furushi lake.

Ndipo akafika mama mmoja, vumbi hadi magotini, amemshika mkono mumewe, mzee mwenye mboni nyeupe kama maziwa.

— Shikamoo mama, shikamoo mzee.

— Marahaba, wanangu. Eti madaktari wa macho, wale wa bure, wako wapi? Tumetoka nyuma ya kilima usiku usiku.

— Ah, mama, walishaondoka wiki iliyopita! Setilaiti akaropoka. Tangazo lilitoka gazetini, ukurasa mzima. Mbona mimi nililiona?

Kisha akajing'ata ulimi.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu:

— Sisi tungelionea wapi, mwanangu?

Waziri akajimiminia kahawa nyingine. Spoku alihisi benchi linamchoma. Aliinuka ghafla, na furushi likaporomoka chini, puu, kamba yake haijafunguliwa.

Mzee akageuza sikio.

— Nini hicho?

— Magazeti, baba.

— Ya nani?

Waziri na Setilaiti wakamtazama Spoku.

— Yenu, baba, Spoku akasema, kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa. Nitayaleta mwenyewe. Leo hii, kwa baiskeli.

— Ya nini kungoja? Nitwishe. Macho ndiyo yamekwisha, kichwa bado kinabeba.

Spoku akakung'uta vumbi, akamtwika.

— Asante, mwanangu, mzee akasema. Mungu akulipe kwa kututunzia.

Bora angemtukana.