Daktari Nzula Mulei, na Ugonjwa Ulioitwa Presha

Tumekusanyika hapa Isinya, leo Jumamosi tarehe 18 Novemba 2006, kumsindikiza Daktari Nzula Mulei, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1957 huko Masii, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mulei na marehemu mama Kaveke, dada mdogo wa Musila, mtunza daftari la ukoo, ambaye ndiye anayewasomea.

Alianza shule Masii mwaka wa 1964, akamaliza darasa la saba hapa Isinya mwaka wa 1970, kidato cha sita mwaka wa 1976, na chuo kikuu Nairobi mwaka wa 1980, kisha akaajiriwa katika maabara ya utafiti alikohudumu hadi ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Bwana Githinji wa Kitengela, wakajaliwa Virginia mwaka wa 1988, aliyepewa jina la mama yake Githinji, na Kaveke mwaka wa 1990, wa jina la mama yetu.

Mwaka wa 1991 alikwenda Uskoti kusomea uzamifu, akiwaacha wasichana kwa mama Kaveke, akachunguza kwa nini seli za mwili huzeeka, kwa nini nyingine hukataa kuzeeka zikawa saratani, na kama jeni iliyoharibika yaweza kuondolewa ikawekwa nzima.

Akiwa huko, tarehe 22 Juni 1994, mama alifariki, baada ya kumwapisha Musila asitaje ugonjwa wake, Nzula asije akaacha masomo. Nzula alikuja mazishini kwa siku nne, akasikia ikisomwa kwamba mama aliugua kwa muda mfupi, maneno yale yale yaliyosomwa kwa mama mdogo Katee mwaka wa 1989.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1995, na kuanzia 1998 alizunguka Kitengela hadi Kajiado akiomba damu kwa familia zilizopata saratani, ambapo jirani yetu mzee Kuntai, aliyekuwa amefiwa na dada wawili, alimtania, "Daktari wa uzee, mbona nazeeka na wewe upo?" naye akamjibu, "Lete mkono, mzee, uzee tutaupigia hesabu baadaye," na mzee akatoa damu akicheka, akataja waziwazi saratani iliyowaua dada zake.

Agosti 1998 alimjia kaka yake, akaomba historia za marehemu wote wa ukoo, akazisoma, akauliza, "Kaka, mama aliugua nini hasa?" Musila alikijua kiapo, tena aliona haya kumvua mama nguo mbele ya watu wa maabara, akajibu kwamba ilikuwa presha. Nzula aliandika presha, akafunga daftari lake. Familia arobaini na tatu ziliingia katika utafiti wake, ya kwao haikuingia.

Februari 2005 alipatikana na saratani ya titi, ikiwa tayari imefika kwenye mifupa. Mwezi uliofuata Musila alimweleza ukweli kando ya kitanda, naye hakumgombeza, alisema tu, "Ungeniambia, kaka, ningejipima mapema." Tiba ya jeni aliyoitafuta haijafika, lakini kipimo cha kumjua aliyeirithi jeni mbovu kilikuwepo miaka yote hiyo. Kisha aliagiza kwamba historia yake itaje ugonjwa kwa jina, Virginia na Kaveke wakisikia.

Kwa hiyo inasomwa hivi: Katee alifariki kwa saratani ya titi, mama Kaveke kwa saratani ya titi, na Nzula, tarehe 9 Novemba 2006, nyumbani kwake Kitengela, kwa saratani ya titi. Virginia na Kaveke watapimwa Jumatatu, mjomba wao atawapeleka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa maabara, na majirani, hasa mzee Kuntai, aliyetoa damu na ukweli pale ndugu alipoficha.

Daftari limesahihishwa, Nzula, ingawa limechelewa. Pumzika kwa amani.