Safari Hii Nanga Amekufa Kweli

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza na muziki. Mmezoea kipindi chetu cha bendi za miaka ya themanini kianze na gitaa, maneno yafuate. Leo yametangulia maneno, kwa sababu nina habari ambayo hata mimi ninayeileta sijaiamini.

Nanga amefariki. Mpiga gitaa la besi wa Bendi ya Kiwanda, mzee wetu Nanga, alifariki Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake. Najua mnachosema huko mliko. Mnasema, huyu si alishamuua mwezi uliopita? Ndiyo, nilimuua, kwa mdomo huu huu. Safari hii ni kweli.

Kwa wasiomjua: kiwanda cha nguo kilikuwa na bendi yake. Jumatatu mpaka Ijumaa Nanga alikuwa fundi wa mashine za kufuma, grisi mpaka kwenye viwiko. Jumamosi alivaa suruali pana na kusimama nyuma ya jukwaa na besi yake. Wenzake walikata viuno, yeye hatikisiki, hacheki. Ndipo wakamwita Nanga. Mkewe aliniambia, "Ukumbi mzima ulikuwa unarukaruka. Nikampenda yule mmoja aliyetulia."

Wenzangu mliocheza mwaka themanini na nne mnakumbuka. Tarumbeta zikinyamaza, ikibaki besi peke yake, hakuna aliyekwenda kukaa.

Mwimbaji wao alikuwa Chiriku. Nanga na Chiriku walikuwa chanda na pete. Mashine moja, zamu moja, hata sabuni ya kunawia grisi walichangia. Halafu Jumamosi moja ukumbi umejaa, Chiriku haonekani. Bendi ya hoteli ilikuwa imemchukua, na saa ile ile alikuwa anaimba upande wa pili wa mji. Hakuaga mtu. Ikabidi Nanga ashike maikrofoni mwenyewe.

"Nilizomewa, mwanangu," aliniambia. "Nilizomewa na ukumbi mzima. Na mama mkwe wangu alikuwa mstari wa mbele, naye anazomea."

Tulicheka sana. Lakini bendi haikumaliza mwaka. Na Nanga na Chiriku hawakusemezana kwa miaka thelathini na minane. Mji mmoja, soko moja, miaka thelathini na minane.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Mwezi uliopita niliandaa kipindi cha bendi hiyo. Nilikuwa na picha ya zamani, watu sita wamesimama mstari mmoja. Nikampigia mpuliza tarumbeta wao, naye anayo picha hiyo hiyo. Akasema, "Wa pili kutoka kushoto alishatutoka, siku nyingi." Nikahesabu kutoka kushoto kwangu, nikaangukia kwa Nanga. Kumbe mwenzangu yumo ndani ya picha. Alikuwa anahesabu kutoka mkono wake wa kushoto, kama alivyosimama siku ile. Aliyefariki ni mpiga ngoma, upande wa pili. Sikuuliza mara ya pili. Nikatangaza "marehemu Nanga". Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jioni ile watu walianza kufika kwa Nanga wakilia, na aliyewafungulia mlango ni marehemu mwenyewe, na kikombe cha chai mkononi. Mama mmoja alikaa chini palepale kizingitini. Wa mwisho kufika alikuwa Chiriku. Alikuja kumlilia rafiki yake, akamkuta anatafuta miwani. Mkewe anasema hawakupeana hata mkono. Chiriku alisema tu, "Uko hai." Nanga akamjibu, "Ingia, usinijazie mbu ndani." Wakakaa mpaka taa zikawashwa.

Kesho yake simu ya studio ikalia. "Mwambieni mtangazaji marehemu anamtafuta." Niliomba radhi mpaka sauti ikanikauka. Akasema, "Acha, mwanangu. Umenirudishia mtu." Jumapili iliyofuata nilisahihisha hapa hewani. Tukazoeana. Akinipigia namwitikia, "Shikamoo, marehemu," naye anasema, "Marahaba, muuaji." Tukapatana kwamba leo, saa hii, waje wote wawili, Nanga na Chiriku, wakae kwenye viti hivi viwili.

Alhamisi simu yangu ililia. Nikaona namba yake. Nikapokea nikicheka, nikasema, "Shikamoo, marehemu."

Alikuwa mkewe.

Sijui nieleze vipi, wasikilizaji wapendwa. Mama yule akasema, "Ndiyo, mwanangu. Amefariki." Mzee alikuwa anapiga pasi shati la kuja nalo hapa, akasema kifua kinambana. Mama akaenda kuleta maji. Aliporudi, pasi ilikuwa imezimwa na mzee ameinamia meza. Nilisimama na simu ile mkononi sijui kwa muda gani. Mpaka sasa nikifumba macho najisikia nikicheka.

Na kuna jambo linalonitesa zaidi. Majirani walipoambiwa, walisema, "Mmeanza tena?" Binti yake mmoja aliwapigia watu waliofanya kazi na baba yake kiwandani, wakacheka na kukata simu. Mwezi uliopita, wakati wa uongo wangu, watu hawakuwa na pa kukanyaga. Jana uani palikuwa na watu tisa. Niliwahesabu. Mzee wa watu anakwenda kuzikwa kama mgeni, kwa sababu yangu.

Nampa pole mama, mke wake. Nawapa pole binti zake wawili na wajukuu. Na kila mmoja wetu ajiulize leo nani amemnunia, na anangoja atangaziwe nini ndipo abishe hodi.

Mazishi ni kesho Jumatatu, saa kumi jioni, tunaondokea nyumbani kwake. Narudia: kesho, saa kumi jioni. Nanga amefariki. Lakini neno langu mimi limeshaharibika, nalijua hilo. Kiti kimoja hapa mbele yangu kina mtu. Ni Chiriku. Mzee, waambie wewe.

"Mimi ni Chiriku. Niko pale kwake tangu Alhamisi. Nimemwita Nanga, nimemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Hakuitika. Njooni."