Kinanda Chenye Sauti Sifuri

Benchi letu liko Nyakanazi, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, upande wanakoegesha malori yanayokwenda Rusumo. Ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya matofali. Unabeba watatu wanaoelewana au wanne wanaobishana. Genoveva huweka birika lake la kahawa pembeni, na wateja wake ni walewale. Mzee Telesfori, aliyefundisha kwaya Murukulazo miaka thelathini, tunamwita Noti, kwa sababu anazisoma kama wengine tunavyosoma gazeti. Bulugu ni mkulima wa Nemba, lakini zamani alipiga kinanda kwenye bendi ya dansi huko Kahama; yeye ni Besi, kwa kupenda vibonye vya sauti nene. Wa tatu ni Fideli, yaani Vidole, anayepiga Jumapili kanisani na Jumamosi kwenye harusi. Jumatatu moja ya mwezi wa saba, asubuhi, alikuja amekipakata kinanda chake ndani ya blanketi, akakilaza juu ya meza yangu ya kazi.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, — Telesfori akajibu. — Kimeharibika?

— Hakijaharibika. Kinauzwa. Fundi, nitafutie mtu.

Nilikichomeka kwenye umeme, nikabonyeza vibonye kuanzia chini mpaka juu. Vyote sitini na moja viliitika.

— Mbona kizima? — nikamwuliza.

— Kizima ndiyo. Mimi ndiye sina kazi nacho.

Bulugu alisogea, Fideli akakaa. Genoveva akampa kikombe, lakini yeye alikishika tu.

— Jumamosi nilikuwa na harusi kule kwenu Nemba, — alimwambia Bulugu. — Nimefunga kinanda, nimevaa koti, nimefanya mazoezi wiki nzima. Emsii akaja na flashi. Ananiambia, nyimbo zote zimo humu, za sasa hivi. Wewe weka sauti sifuri, bonyeza tu. Watu wanapenda kuona kinanda.

— Ukakubali? — Telesfori akauliza.

— Nilikuwa nimeshakula pilau yao, Mzee.

— Ukabonyeza?

— Tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Natikisa kichwa, nafumba macho. Mwisho baba wa bwana harusi akaja kunishika mkono. Akasema, kijana, nimekusikia harusi nyingi, lakini leo umepiga kuliko siku zote.

Genoveva alicheka, kisha akamwona Fideli usoni, akajifanya anachochea mkaa.

Telesfori alivua miwani.

— Tatizo siyo emsii, — akasema. — Tatizo ni nyimbo zenyewe. Zinasimama mahali pamoja. Mkono wa kushoto hauna kazi kabisa. Mimi nilifundishwa kwamba wimbo unaondoka nyumbani, unatembea, halafu unarudi. Hizi hazijawahi hata kufungua mlango.

— Na ni fupi, — Bulugu akadakia. — Sisi Kahama, gitaa peke yake lilikuwa linaongea dakika nne kabla mwimbaji hajakohoa. Mimi nasubiri zamu yangu nimetulia. Leo dakika mbili wimbo umekwisha. Unajua kwa nini? Bando! Wimbo lazima uishe kabla bando halijakata.

— Umepatia, — Telesfori akasema. — Na vibonye vyeusi wamevisusia. Sikiliza redio kutwa nzima, husikii hata kimoja. Miaka ishirini ijayo watatengeneza vinanda vyeupe vitupu.

— Mzee, hata watoto watazaliwa na vidole vitatu. Vya nini vingine?

— Na hiyo midundo?

— Midundo wamenakili kwenye mashine ya kukoboa! — Bulugu alipiga ubao kwa kiganja, kahawa ikamwagika. — Mimi nakaa karibu na mashine. Ikiwashwa, kijana wangu anaanza kutikisa mabega. Ikizimwa, ng'ombe wangu wanageuka kumtafuta mwimbaji.

— Mimi nazipenda, — Genoveva akasema.

Wote wakamgeukia.

— Nazipenda. Nikizisikia, mkono unakoroga wenyewe. Nyinyi mnataka wimbo utembee. Mimi nimetembea tangu saa kumi na moja alfajiri na birika kichwani.

Fideli akasema, taratibu:

— Hata kama mnasema kweli, Besi, watu walicheza. Walifurahi. Mimi ndiye niliyekuwa nje ya harusi, na nimekaa katikati yake.

Pikipiki ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka binti wa miaka ishirini hivi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alituamkia wote, akasema anaitwa Clarisse, wa Nemba, na anamtafuta mpiga kinanda wa harusi ya dada yake. Wameambiwa hukaa hapa.

— Ni mimi, — Fideli akasema, akainuka nusu. — Kuna malalamiko?

— Hapana. Ile flashi ilipogoma, mama akiwa ndiyo anaingia na zawadi, ulipiga wimbo. Mama anauimba tangu juzi, lakini akifika katikati anapotea. Anasumbuka. Nimekuja kuuliza, wimbo ule unaitwaje?

— Ule? — Fideli akashangaa. — Ule nilifungua sauti kidogo tu, nikimsubiri emsii afute flashi kwenye koti lake.

— Sawa. Unaitwaje?

Fideli alimtazama Telesfori.

— Ni wa kanisani? — Telesfori akamwuliza.

— Hapana, Mzee.

— Wa dansi? — Bulugu akauliza.

— Ungekuwa wa dansi ungekuwa unaujua.

Lori la mafuta lilipita likipunguza mwendo.

— Hauna jina, — Fideli akasema hatimaye. — Hata nilikoanzia sikumbuki.

Clarisse alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeazima kitu cha watu akakipoteza.

— Sasa mama nitamwambiaje?

Fideli alisugua viganja kwenye suruali. Akakiweka chini kikombe ambacho hakukinywa, akaenda kusimama mbele ya meza yangu.

— Imba pale anapofika mama.

Binti aliona haya. Alitugeuzia mgongo, akaimba akiutazama ukuta, sauti nne, tano, kisha akakoma. Fideli alizitafuta kwa kidole kimoja, akazipata. Akaziunganisha, akaweka na mkono wa kushoto, akaendelea mbele kidogo.

Dereva mmoja alikuja kibandani akauliza kama kile kinanda ni cha kuuza. Fideli hakumsikia. Nikamwambia apite kesho.

— Hapana, — Clarisse akasema. — Hapo ulishuka.

Fideli alirudi nyuma, akashuka.

— Siyo sana. Kidogo tu.

Akajaribu kibonye cheusi cha pembeni, akakishikilia. Clarisse alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

— Enhe. Halafu ukakaa hapohapo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu ndiyo ukaendelea.