Aliyefunga Kitambaa Chekundu Kitini

Mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Wanandugu wameniomba nisome wasifu wake taratibu, nisiropoke. Nitajitahidi, ingawa tangu Alhamisi moyo unanichemka.

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Subiri, alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1981, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikofanya kazi marehemu baba yetu, fundi mitambo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu, na mvulana pekee. Mama alikuwa, na bado ni, fundi cherehani.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, ambako alihitimu shahada ya kompyuta mwaka 2005. Akiwa darasa la sita alichukua kipande cha kitambaa chekundu kwenye mabaki ya Mama, akakifunga kwenye kitasa cha mlango. Kikiwepo, hakuna kumsemesha, anapiga hesabu. Ukimwita, jibu ni lilelile: "Subiri kwanza!" Sisi dada zake tulitii, maana kwa kununa hakuwa na mpinzani. Mama hakutii hata siku moja. Aliusukuma mlango kwa kiwiko, sahani mkononi: "Kitambaa changu, mlango wangu, na wewe ni wangu. Kula."

Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za malipo ya maji. Hapo ndipo alipofanya utafiti uliompa shahada ya uzamili: aliketi nyuma ya waandishi wa programu, akachunguza nini kinawaharibia kazi. Si uvivu, alisema. Ni ile "samahani, dakika moja tu." Alitueleza kwamba anayeandika programu ni kama mtu aliyebeba sinia la bilauri zilizojaa maji, ukimgusa bega, zote chini, na wewe huyo, umeshaenda zako. Basi akawapa wenzake dawa yake ya utotoni. Kila mmoja alipata kitambaa chekundu. Kikifungwa kwenye mgongo wa kiti, mwenye kiti hayupo. Simu yake inazimwa sauti na kutiwa kwenye droo. Kazi zilizokuwa zikichelewa zikaanza kutoka kwa wakati. Bosi wake akaibandika sheria hiyo ukutani, na marehemu akawa anaalikwa huku na huku kuieleza. Tulijivuna naye, jamani. Tulijivuna mno.

Mwaka 2011 alifunga ndoa na mke wake, ambaye alikuwa mpokea wageni wa jengo la ofisi yao. Walijuana siku kengele ya moto ilipolia. Watu wote walikimbilia nje, yeye akabaki na kitambaa chake. Binti wa watu akapanda ngazi, akamvuta mkono: "Kaka, utaungua na hesabu zako!" Kumbe mtu ameunguza mkate tu. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Tangu Januari mwaka huu alilalamikia kichwa. Presha ikaonekana iko juu, akaandikiwa dawa. Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, alitakiwa arudi kwa daktari jioni. Asubuhi alifunga kitambaa chake akaanza kazi. Baada ya chakula cha mchana alilaza kichwa mezani, kama alivyozoea anapofikiri. Jirani yake wa meza aliniambia hospitalini, machozi yakimtoka: "Dada, tulikuwa tunapita kwa kunyata. Mimi mwenyewe niliwakemea waliokuwa wanacheka. Niliwaambia, mwacheni Subiri afanye kazi."

Mke wake alipiga simu, ikawaka ndani ya droo. Akaja kumchukua, akaambiwa kitambaa kipo kitini, naye akaketi mapokezi kwa adabu. Alipanda juu ofisi ilipofungwa. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Daktari alisema, "Laiti mngemleta mchana..." akaishia hapo, akatazama viatu vyake. Marehemu aliaga dunia Alhamisi alfajiri, tarehe 6 Machi, bila kufumbua macho.

Wenzake mko hapa na shada lenu la maua. Sina la kuwalaumu. Mlimtii, na aliyewafundisha ni yeye. Nimetafuta wa kumkasirikia nimemkosa, na hilo ndilo linalonimaliza. Ofisi nzima imejaa watu wastaarabu. Angekuwepo mjeuri mmoja tu! Tunaambiwa kazi ya Mola haina makosa. Ninalitamka, ila moyoni halijashuka.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na dada wawili. Ofisi iliomba kitambaa chake kifungwe kwenye jeneza. Mama alikipokea, akakikunja, akakitia kifuani. "Hiki changu," alisema. "Na yeye ni wangu."

Apumzike kwa amani ndugu yetu. Lakini nawaomba, mkipita hapa kaburini msinyate. Mwiteni.